Kiti Alichokalia Bi Ersi

Vounarka, kijiji cha milimani juu ya mji wa Limassol, kina kanisa moja, shule moja, barabara moja, na mikahawa miwili inayotazamana kama wake wenza. Mmoja una viti vya bluu, wa pili una viti vyekundu. Aliyezaliwa ukoo wa bluu hunywa kahawa ya bluu mpaka abebwe jenezani, na wa nyekundu vivyo hivyo, na kahawa yenyewe, jamani, inatoka gunia moja na duka moja. Wa bluu wakishinda uchaguzi, wa nyekundu wanateremka Limassol kunyoa, maana kinyozi ni bluu. Ndivyo tulivyo, na anayetaka kutucheka acheke, lakini akachekee kwao. Ijumaa hiyo, mwezi wa kuvuna zeituni, baada ya chakula cha mchana, benchi la nje la mkahawa wa bluu lilikuwa limekaliwa na wale wale wa siku zote. Alikuwapo Hambis, anayeitwa Waziri kwa sababu zamani aliwahi kumwendesha waziri mmoja, miezi michache tu, na mpaka leo siri zote za serikali anazo yeye. Alikuwapo Tofis, anayeitwa Daktari, mfuga mbuzi aliyekuwa akiwadunga mbuzi wake sindano mwenyewe. Alikuwapo Lefkos, anayeitwa Charli, jina tunalompa kila aliyerudi kutoka Uingereza. Huyu aliendesha basi London nusu ya maisha yake. Koullis, mwenye mkahawa, alikuwa ndani na kibirika chake, lakini kila akisikia neno tamu kichwa kinatoka dirishani. Na alikuwapo Pieris, mwashi wa mawe, anayeitwa Timazi tangu ujana kwa kuwa ukuta wake haujawahi kupinda.

Jambo lenyewe lilikuwa la wiki nzima. Jumatatu alifika Bi Ersi, mwanasaikolojia kijana kutoka wizarani, kupima afya ya akili ya watoto wa shule. Hakuwa na neno, maskini. Alishuka garini, jua lilikuwa kali, akaona kiti chenye kivuli, akakaa, akaagiza kahawa. Kiti kilikuwa chekundu. Kabla kikombe hakijapoa, wa bluu walishaamua kwamba maswali yake ni maswali ya nyekundu. Mwalimu mkuu akamnong'oneza kosa lake, na Jumanne, ili mizani ikae sawa, Bi Ersi akaja kunywa kwa wa bluu. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Wa nyekundu nao wakasema huyu ni ndumilakuwili. Kufikia Ijumaa, mtoto aliyeruhusiwa na wazazi wake alikuwa mmoja tu, wa polisi, na polisi ni mtu wa Pafo, hana ukoo hapa. Mchana ule Bi Ersi alikuwa anafunga mizigo kwenda kijiji kingine.

Hakuna aliyejua benchini kwamba Pieris alikuwa anahesabu moyoni saa za gari lile kuondoka. Mjukuu wake, Anthousa, wa darasa la sita, anaishi na yeye na mkewe Despo, kwa kuwa mama wa mtoto anatandika vitanda hotelini Limassol na baba alishajiendea. Tangu kiangazi binti huyo alikuwa anapungua. Aliacha kwaya, akaacha baiskeli, akaacha kubishana na bibi yake. Jumapili iliyopita, wakiwa shambani wanachuma zeituni, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi: “Babu, mimi nisingekuwepo, mama asingechoka hivi.” Pieris akamwambia asogeze ngazi. Ndilo jibu alilompa, asogeze ngazi. Kumruhusu mtoto akaongee na Bi Ersi ilikuwa kazi ya neno moja tu, na neno hilo lilikuwa mikononi mwake. Lakini aliliogopa benchi.

— Cheza basi, Timazi, unaota? alisema Waziri, akimsogezea dadu. Walikuwa wanacheza tavli, mchezo wa kete na dadu, na Pieris alikuwa anafungwa mchezo wa tatu.

— Nacheza.

— Mimi nawaambia, akaendelea Waziri, yale maswali si ya watoto. Ni ya kura.

— Kura gani tena, bwana we?

— Desemba hatuchagui mukhtari wa kijiji? Basi. Wanamuuliza mtoto, nyumbani mnagombana? Anasema ndiyo. Mnagombania nini? Anasema baba anamwambia babu kwamba huyu mkuu wa kijiji tuliye naye, ingawa ni nyekundu, si mbaya sana. Haya! Wameshajua nyumba gani imelegea. Kesho yake lami inamwagwa mpaka mlangoni kwako.

— Kwangu hawajamwaga, akasema Daktari kwa masikitiko.

— Wewe huna mtoto shuleni.

— Kumbe lami inataka mtoto! Ningejua nisingemwoza yule wa mwisho haraka.

Koullis akatoa kichwa.

— Nani anaongeza? Ya wastani, tamu, chungu?

— Chungu, akasema Waziri, mambo yenyewe machungu.

Daktari akavuta kiti mbele. Akitaka kusema jambo la kisayansi huwa anavuta kiti mbele.

— Kura mimi sizijui. Najua mbuzi. Mbuzi ukimkodolea macho sana anaacha kula. Nilikuwa na beberu mmoja, mzima wa afya, akaja bwana mifugo kumkagua, ulimi, macho, kwato. Jioni beberu kasusa. Kesho yake zizi zima limesusa. Huzuni inaambukiza! Ukimuuliza mmoja, una huzuni wewe, wa pembeni anasikia.

— Watoto si mbuzi, akasema Pieris.

— Aa, hiyo ni kwa sababu hujafuga mbuzi.

— Kule London… akaanza Charli.

— Jamani, basi limefika, akasema Waziri, na wote wakacheka, lakini Charli alishaendesha basi lililojaa walevi, kicheko hakimtishi.

— Kule London jirani yangu alikuwa na kijana, mtoto mwema. Wakaja shuleni kwao kuuliza, una huzuni? Mtoto hajawahi hata kufikiria jambo hilo. Akafikiri. Jioni akawa nayo. Ilipofika Pasaka, hagusi nyama.

— Hagusi nyama! Koullis akapiga kelele kutoka dirishani.

— Hagusi.

— Hata mwanakondoo?

— Hata mwanakondoo. Mama yake alilia mbele ya kanisa zima. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kitu kuhusu kujibu.

— Huyo aliugua kweli, akasema Daktari, akafanya ishara ya msalaba.

Pieris alitupa dadu, akasogeza kete pasipo kuitazama. Alikuwa anatafuta mlango wa kuingilia. Ukuta wa mawe una mahali pake pa kuanzia, ukishapapata mawe mengine yanafuata. Maneno ya wenzake hayakuwa na mahali popote.

— Mimi nauliza tu, akasema. Kama yupo mtoto ambaye kweli mambo hayamwendei vizuri, je?

Benchi zima likageuka.

— Mtoto gani?

— Sisemi mtoto fulani. Natoa mfano.

— Mfano wa nani?

Pale Vounarka hakuna mfano usiokuwa na jina la baba. Pieris aliona macho manne, sita, nane na ya Koullis, yakimsubiri.

— Mfano… mtoto wa nyekundu, akasema.

— Aaah! Wale! Waziri akapumua. Wale wapimwe wote, na baba zao wakiwa kwenye foleni!

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Pieris naye alicheka, na aibu ikampanda shingoni, kwa kuwa alijua amemkana mtoto wake mchana kweupe kwa ajili ya kikombe cha kahawa.

Msimwone mwoga bure. Kijijini kwetu mtu akikosea neno mbele ya benchi, benchi linampa jina, na jina hilo halifi naye. Kuna ukoo pale unaitwa wa Punda. Babu wa babu yao alimlilia punda wake alipokufa, akalia siku mbili, basi. Leo kitukuu ni mwanasheria Nikosia, ana gari la kung'aa, na akija kwa Pasaka bibi vizee wanaambiana: kaja wakili wa Punda. Sasa fikiria wakisikia kwamba mjukuu wa Timazi kapelekwa kwa mtu wa akili. Atazeeka nalo. Wajukuu zake watalirithi pamoja na mizeituni.

— Mnahangaika bure, akasema Koullis, akiwa amekuja na sinia. Akaweka vikombe na glasi za maji. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipima kijiji kizima na hakuomba hata asante. Majani ya mzeituni yaliyobarikiwa kanisani, makaa kidogo, anakuzungushia moshi kichwani mara tatu. Jani likipasuka, pa! una kijicho. Lisipopasuka, mzima, nenda kachunge.

— Na akishapima? Pieris akauliza.

— Akishapima, nini?

— Jani limepasuka, pa. Halafu?

Koullis akafikiri, sinia mkononi.

— Halafu anapima tena mpaka liache kupasuka.

— Hiyo ndiyo tiba! akasema Daktari. Bila wizara, bila kura.

Wiki ile Despo alimfukizia mtoto kila asubuhi, na jani halikupasuka hata moja. Mzima, alisema Despo, mzima kabisa, akaenda jikoni kulia huku amefungulia maji ili asisikike.

Ng'ambo ya barabara, Foris wa viti vyekundu, mtu mwenye sauti ya mnada, akasimama na kukohoa.

— Enyi wa bluu! Mjumbe wenu leo hajaja kunywa?

— Wetu? Waziri akainuka nusu. Si alikaa kwenu kwanza!

— Alikaa kupumzika! Kwenu ndiko alikokuja kwa hiari!

— Mchukueni!

— Mchukueni nyie!

Wakakaa wote wawili, wameridhika kama watu waliomaliza kazi ya maana.

— Sasa niwaambie la mwisho, akasema Waziri, na akashusha sauti, ingawa Foris alikuwa anamsikia vizuri tu. Msinitaje. Wakishapima, wanaandika: Vounarka, kijiji cha wenye huzuni. Bei ya ardhi inaporomoka. Anakuja tajiri kutoka ng'ambo, ananunua bonde lote la mizeituni kwa bei ya maandazi. Anajenga nini?

— Nini?

— Uwanja wa gofu.

— Hapa mlimani? akasema Charli. Mpira si utabingirika mpaka Limassol?

— Ndiyo maana wanapima kwanza!

— Subiri, subiri. Gofu na huzuni ya watoto vinakutana wapi, bwana?

— Kwenye maji. Gofu linakunywa maji kuliko kijiji kizima. Na mtu mwenye huzuni hanywi maji mengi. Ukiwa na kijiji chenye huzuni, maji yanabaki.

Jambo lilikuwa zito, lilihitaji kuzungushwa kinywani.

— Hilo la maji ni kweli, Daktari akasema hatimaye. Hata mbuzi.

— Basi hakuna kupima, akasema Charli. Tumemaliza.

— Hakuna, akasema Daktari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndiyo maana mimi mbuzi wangu mgonjwa nilikuwa namuuza mapema, kabla hajaniumbua.

Wakaangua kicheko. Waziri alicheka mpaka akafuta macho. Pieris alikuwa ameshika dadu bila kuzitupa. Alitazama saa ya kanisa. Alijiambia: nikimaliza mchezo huu nitasimama. Alikuwa ameshajiambia hivyo kwenye mchezo wa kwanza, na wa pili.

Ndipo Bi Ersi alipokuja. Alikuja kwa miguu kutoka shuleni, mkoba begani, funguo za gari mkononi, na akasimama katikati kabisa ya barabara, maana alishajifunza. Viti vyekundu vikanyamaza, viti vya bluu vikanyamaza.

— Habari za mchana, wazee wangu. Sikuja kunywa kahawa.

— Karibu, akasema Koullis kwa mazoea ya kazi, kisha akatamani kuimeza hiyo “karibu” yake.

— Nilikuwa naondoka. Lakini kuna binti amekaa kwenye ngazi za shule tangu wenzake walipotoka. Nimemuuliza jina, hataki kulitaja. Anasema anangoja zamu yake. Mwalimu mkuu ameteremka mjini, simu haipokei. Mimi siruhusiwi kuzungumza naye bila ridhaa ya mtu wake, na siwezi kuwasha gari nikamwacha pale peke yake. Ni mwembamba, mrefu kidogo, amevaa sweta ya kiume ya kijani imemfika magotini, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Naomba mnisaidie tu. Ni mtoto wa nani?

Katika vijiji vyetu hakuna swali rahisi kuliko hilo. Mtoto akipita, hatumuulizi jina lake, tunamuuliza yeye ni wa nani, na kabla hajajibu tumeshamjibia: wa fulani, wa upande wa mama mwenye mguu mrefu. Waziri aliwahi kumtambua mtu mzima kwenye soko la Pafo, hajawahi kumwona maishani, kwa masikio tu, na akamwambia shangazi yake anaitwa nani. Kwa swali hilo benchi lingeweza kujibu limelala.

Hakuna aliyejibu.

Sweta ile waliijua. Pieris aliivaa kwenye benchi lile lile baridi zote mpaka ikampasuka kiwiko, na Despo alipoishona kwa uzi mwekundu, kwa kuwa hakuwa na mwingine, walimsimanga hadi Kwaresima: Timazi kahamia ng'ambo, Timazi kaanzia kiwikoni. Waziri sasa alikuwa anatazama kete za tavli. Charli alikuwa anatazama mlima. Daktari aligundua kwamba kiatu chake kina kamba. Koullis alifuta glasi iliyokuwa kavu. Hata Foris, ng'ambo kule, mtu ambaye angetoa jino kwa nafasi kama ile, alikuwa ameinamia kikombe chake.

Walikuwa wanamsitiri. Pieris aliwaona mmoja mmoja, wabishi wale, waongo wale, rafiki zake wa miaka yote, kila mmoja yuko tayari kuapa msalabani kwamba hajawahi kuona sweta ya kijani duniani. Aliwapenda, na alitaka kuwapiga kofi. Maana wakimsitiri vizuri, gari litaondoka.

Akamfikiria mtoto. Ametoka darasani, hakuuliza bluu wala nyekundu, hakuuliza babu wala bibi, akaenda akakaa kwenye ngazi kungoja zamu ambayo hakuna mtu aliyempa.

— Labda ni mgeni, akasema Waziri, bila kuinua macho. Wageni wanapita pita siku hizi.

— Ndiyo, akasema Charli. Wa Pafo huyo.

— Ni wangu, akasema Pieris.

Alisimama. Goti likagonga ubao, kete zikamwagika chini, za Waziri na zake.

— Ni mjukuu wangu. Anaitwa Anthousa, binti wa Stalo. Mama yake yuko kazini, nitampigia simu sasa hivi. Mimi ndiye ninayekaa naye.

— Unaridhia nizungumze naye, mzee wangu? Bi Ersi akauliza. Mkiwa pamoja, ukipenda.

— Naridhia.

Alilisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, likafika mpaka viti vyekundu.

— Timazi, akasema Waziri polepole, akimvuta mkono wa shati. Kaa bwana, umalize kahawa yako. Hakuna aliyesikia kitu hapa.

— Mmesikia wote, ndugu yangu. Na wale kule wamesikia.

Akachukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa. Aliwageukia wote, wa benchi na wa ng'ambo.

— Mkitaka kutupa jina, tupeni leo leo, nikirudi nilikute.

Akashuka barabarani, akamuuliza Bi Ersi kama mtoto alikuwa amekaa kivulini au juani, na wakaenda.